Kuifungia Boxer breki ya diski ya nyuma kutoka Pulsar

Kabla ya kununua chochote, hakikisha breki yako ya dramu ni mbovu kweli na si kwamba imechoka tu. Boxer nyingi zinazoletwa kwa fundi zitiwe diski zina shuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) zilizobaki unene wa karatasi, dramu iliyolika hadi ikawa yai, na mkono wa breki uliohamishwa meno mara mbili ili "ushike". Mkono ule na fimbo inayouvuta vinatakiwa vikaribie pembe mraba mguu unapokanyaga. Ukivuka hapo, nguvu ya mguu inapotea bure, na siku moja kamu inayotanua shuu itajigeuza kupita kiasi ikwame, gurudumu nalo lifunge katikati ya barabara. Tia shuu mpya, pima dramu kwa venia (kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa huwa kimeandikwa kwenye dramu yenyewe), safisha kamu uipake grisi kidogo. Kwa wengi kazi ingeishia hapo na pesa ibaki mfukoni.

Tazama na mbele pia. Chombo kikifunga breki, uzito hukimbilia gurudumu la mbele, kwa hiyo kama mbele bado kuna dramu na pesa yako inatosha diski moja tu, iweke mbele. Diski ya nyuma ina maana kwa yule ambaye mbele kumeshatengenea na kazi yake ni abiria na mizigo. Abiria akikaa, au gunia la soko la Kongowea likifungwa kwenye keria, nyuma kunazidi kuwa kuzito, na breki ya nyuma inabeba sehemu kubwa kuliko ilivyo pikipiki ikiwa tupu. Hapo dramu huchoka kwa namna mbili. Katika mteremko mrefu kama wa Mazeras inapata joto, chuma kinatanuka kukimbia shuu, na pedeli inazidi kwenda chini. Wakati wa masika, ukipita penye maji yaliyosimama, maji na mchanga wa chumvi huingia ndani na kukaa humo. Diski hutupa maji nje kwa mzunguko wake wenyewe na hupoa kwa upepo.

Kimoja usitazamie: nguvu za ajabu. Shuu ya dramu hujivuta yenyewe kuingia kwenye dramu gurudumu linapozunguka, ikamsaidia mguu wako. Diski haina msaada huo. Nguvu yake yote inatoka kwenye hesabu ya pedeli, masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na pedeli) na kalipa (kifaa kinachobana diski), na ndiyo maana sharti la kwanza la kazi hii ni kuchukua mfumo wote kutoka chombo kimoja, kuanzia pedeli hadi diski. Anayeokota kalipa huku, masta kule, na paipu ya gari, anajitengenezea fumbo.

Chombo cha kutolea spea

Pulsar 180 za matoleo ya karibuni na NS200 zina diski ya nyuma ya milimita 230. Apache RTR 180 ina ya milimita 200, nayo inatosha. Zote zina mnyororo kushoto, diski kulia na pedeli kulia, sawa na Boxer, kwa hiyo hakuna kinachohitaji kuvushwa upande wa pili. Usinunue kwa jina tu: Pulsar 150 nyingi zina dramu nyuma, na gurudumu lake halitakufaa kwa kazi hii.

Vitu vya kukusanya ni hivi:

- gurudumu zima la nyuma, diski ikiwa juu yake, pamoja na kibebeo cha sproketi na raba zake zote
- ekseli 1 na nati yake, bushi za pembeni, na bushi ndefu ya ndani inayokaa kati ya beringi
- kalipa 1 na kibao chake cha kufungia
- masta silinda 1 na kijiti chake cha kusukuma, pamoja na kikopo cha mafuta na mpira wake
- pedeli ya breki na springi yake
- paipu ya breki 1, bolti 2 zenye tundu za kuifungia, na washa 4 mpya za shaba
- pedi mpya, jozi 1
- sili mpya za kalipa na za masta silinda
- beringi mpya 3: mbili za habu (kitovu cha gurudumu), moja ya kibebeo cha sproketi
- swichi ya taa ya breki
- mafuta ya breki DOT 4, nusu lita, chupa isiyofunguliwa
- bamba la chuma la milimita 6, kipande cha sentimita 15 kwa 10, na bolti za M8 na M10 zenye alama 8.8 kichwani

Bushi ndefu ya ndani ndiyo husahaulika zaidi, kwa sababu muuzaji anaitoa akitafuta beringi na kuitupa kwenye pipa la vyuma. Bila hiyo, ukikaza ekseli unabana beringi kwa ubavu. Zitasaga kama kinu na kufa baada ya wiki chache.

Kagua spea papo hapo dukani. Ukingoni mwa diski kuna maandishi ya MIN TH na namba: huo ndio unene wa mwisho. Pima mahali pedi zinapopita, si ukingoni, maana ukingo haulaliwi na pedi na huwadanganya wengi. Sukuma pistoni ya kalipa itoke kidogo, utazame mwili wake. Vidoa vya kutu au vishimo vinavyoshika kucha maana yake pistoni mpya au kalipa nyingine. Sili mpya haiwezi kuziba kishimo. Pini mbili ambazo kalipa hutelezea zitoke kwa mkono. Zikitaka nyundo, chumvi imekwisha kuingia. Spea za mtumba za Pwani zina ugonjwa huu kuliko zilizoshuka kutoka bara.

Gurudumu, tairi na mnyororo

Hapa ndipo siku inapoishia. Breki yenyewe ni rahisi. Gurudumu ndilo lenye maneno.

Anza na tairi. Boxer kwa kawaida hubeba 3.00-17 nyuma. Pulsar 180 huja na 120/80-17 na NS200 na 130/70-17. Rimu zote ni inchi 17, lakini ile 120/80 ina kimo cha takriban milimita 624 na 3.00 ina takriban 584, tofauti ya karibu asilimia 7. Hiyo ni sawa na kubadilisha gia: pikipiki itakuwa nzito kuondoka na abiria, na breki vilevile inapoteza asilimia hiyohiyo pale tairi inapokutana na lami. Kama unabaki na tairi kubwa, ongeza meno kwenye sproketi ya nyuma. Yenye meno 42 ifanye 45. Afadhali zaidi ni kuweka tairi nyembamba kabisa ambayo rimu ile inaikubali kwa mujibu wa mtengenezaji wa tairi. Tairi ya 3.00 juu ya rimu pana ya Pulsar hujivuta mabega, ikabaki bapa, na haifai.

Baada ya hapo, gurudumu liingie ndani ya swingamu, ile mikono miwili ya chuma inayolishika. Lisogeze mbele na nyuma kwa urefu wote wa kirekebishi cha mnyororo. Acha angalau milimita 8 kila upande kati ya tairi na chuma, na kati ya tairi na mnyororo. Tairi ikigusa hata kidogo, rudi kwenye tairi nyembamba. Usithubutu kubonyeza swingamu kwa nyundo ili kupata nafasi.

Ekseli ya chombo kilichotolewa spea inaweza kuwa nene kuliko yako. Zipime zote mbili. Kuna njia mbili, na moja ni mbaya. Mbaya ni kutia kimkebe chembamba ndani ya beringi ili ekseli nyembamba ijae: kimkebe kinalegea, gurudumu linaanza kucheza, na diski inasukuma pedi mbali na mahali pake. Nzuri ni kupanua mfereji wa swingamu ukubali ekseli nene. Kutoka milimita 15 hadi 17 ni milimita 1 tu ya kukwangua kila upande, kwa tupa, bila moto. Lakini tazama kinachobaki juu na chini ya mfereji. Ukiona chuma kinakuwa ukanda mwembamba, acha, tafuta beringi yenye mwili uleule na tundu la kipimo chako. Beringi za magurudumu huuzwa kwa namba iliyochorwa ubavuni: 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11, 6203 ni 17 kwa 40 kwa 12, 6302 ni 15 kwa 42 kwa 13. Nenda dukani na namba, usiende na "ile ya Pulsar".

Sasa bushi za pembeni. Pima upana wa ndani wa swingamu, toa upana wa habu pamoja na kibebeo cha sproketi na kibao cha kalipa. Kinachobaki ni jumla ya bushi mbili, na si lazima zilingane. Ya kushoto inaamuliwa na mnyororo, ya kulia inaamuliwa na kalipa, na katikati ya tairi lazima ifuate gurudumu la mbele. Hayo matatu mara nyingi hayakubaliani. Ikitokea hivyo, msimamo ni huu: tairi hukaa katikati kwanza, na sproketi ndiyo inayosogezwa kuufuata mnyororo. Ukitaka sproketi itoke nje milimita 4, mkereza akukate pete moja ya chuma ya milimita 4 ikae kati ya sproketi na kibebeo, na bolti ndefu zaidi kwa kiasi hichohicho. Usipange washa tatu juu ya kila bolti. Zitalegea moja moja na sproketi itakatika siku umebeba.

Mpe mkereza vipimo vya kuandikwa, na bushi yenyewe ikatwe kwa chuma, isiwe ya bomba la maji. Nyuso zake mbili ziwe sambamba. Bushi iliyokatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa jicho huinamisha ekseli kila unapokaza.

Mnyororo nao una namba. Boxer hutumia 428. Baadhi ya vyombo vikubwa hutumia 520, ambayo hatua yake ni milimita 15.875 badala ya 12.7. Sproketi ya 520 haikubali mnyororo wa 428 kabisa, hata ikionekana inakaa. Tafuta sproketi ya 428 yenye mashimo yanayolingana na kibebeo. Kisha laza ufito ulionyooka kwenye uso wa sproketi ya nyuma kuelekea ya mbele: tofauti isizidi milimita 2. Zaidi ya hapo mnyororo unakula meno ubavuni, utausikia ukilia.

Wako wanaopita njia nyingine: habu ya diski ya pikipiki ya spoki yenye matundu 36 inasukwa kwenye rimu yako ya zamani. Inaokoa tairi na kimo. Gharama yake ni spoki za urefu mpya, kwa sababu habu ya diski ina mabega tofauti, na msukaji asiyekwenda kwa kubahatisha. Ukimpata, njia hii ni safi kuliko kuhamisha gurudumu zima.

Nanga ya kalipa

Sehemu hii ndiyo inayoweza kukuua, kwa hiyo isome mara mbili.

Kalipa ikibana diski, diski inajaribu kuizungusha kalipa pamoja nayo. Lazima kitu kiishike. Kwenye Pulsar kibao cha kalipa kina mahali pake pa kushikilia kwenye swingamu. Boxer haina pahali hapo. Ina kijicho cha chuma chini ya swingamu ambapo fimbo ya sahani ya dramu ilifungwa, na kijicho hicho ni zawadi: kilitengenezwa kiwandani kwa kazi hiihii.

Piga hesabu uone uzito wenyewe. Tairi ikisukuma lami kwa nguvu ya nyutoni 600, na radiasi ya gurudumu ni milimita 290, msokoto ni nyutonimita 174. Fimbo ya nanga ikiwa imefungwa milimita 100 kutoka katikati ya ekseli, inavutwa kwa nyutoni 1740, karibu kilo 177. Hapo ni kufunga breki kwa kawaida, si kwa hofu. Kwa hiyo bamba liwe la milimita 6, fimbo ya dramu ya awali itumike kama haijaliwa na kutu, bolti ya M10 upande wa kalipa, na nati yenye pini ya kufungia au nati ya nailoni isiyotumika mara mbili. Waya wa kufunga mzigo si pini.

Mahali pa kufungia fimbo pana maana kubwa. Kibao cha kalipa hutaka kuzunguka kama gurudumu linavyozunguka. Sehemu yake iliyo chini ya ekseli inakimbilia nyuma, kwa hiyo fimbo inayokwenda mbele kutoka hapo inavutwa. Sehemu ya juu ya ekseli inakimbilia mbele, na fimbo ya hapo inasukumwa. Fimbo nyembamba huvutwa vizuri lakini ikisukumwa inajikunja kama mkeka. Basi kalipa yenyewe ikae juu ya swingamu, mbali na matope na nipeli yake (kichuchu cha kutolea hewa) ikiangalia juu, ila sikio la nanga lishuke chini ya ekseli likutane na fimbo ya zamani.

Usichomelee sikio jipya kwenye swingamu kama una kijicho cha awali. Bomba la swingamu ni jembamba, na welda aliyezoea mageti ataliunguza. Kibao kikishafungwa, diski ipite katikati ya kalipa. Izungushe kwa mkono na ukiweka ncha ya waya karibu na uso wake utaona kama inayumba. Zaidi ya milimita 0.3 pedeli itakuwa inapiga mguu. Kabla ya kuilaumu diski, ivue ukwangue kutu na rangi pale inapolala kwenye habu. Bolti zake zipake gundi ya nyuzi, uzikaze kwa msalaba kidogo kidogo.

Pedeli na masta silinda

Kwenye Boxer silensa iko kulia, pale pale unapotaka masta silinda. Masta na paipu vikae angalau sentimita 3 kutoka kwenye bomba la moto, na kama huwezi, weka bati la kukinga. Mafuta yakichemka ndani ya paipu yanageuka mvuke, na mvuke unabanika: utakanyaga hewa.

Kata kibao cha kushikia masta kwa bamba lilelile la milimita 6 na ukifunge kwa bolti 2 za M8 kwenye vishikio vya fremu vilivyopo karibu na kikanyagio. Kisishikwe na kitu kinachotikisika. Kijiti cha kusukuma kiingie kimenyooka; kikiingia kwa upande kinakwangua sili na masta itaanza kuvuja ndani kwa ndani, jambo usiloliona kwa nje.

Ukilazimika kutumia pedeli ya Boxer, pima urefu mara mbili: kutoka egemeo hadi mguu unapokanyaga, na kutoka egemeo hadi kijiti. Gawanya. Pulsar uliyoitoa spea ina uwiano wake, ufikie huohuo. Hesabu ya pili ni ya pistoni. Kwa mfano, kalipa yenye pistoni ya milimita 32 na masta ya 12.7 inazidisha nguvu mara 6.3. Ukiweka masta ya 14 inakuwa mara 5.2, na ya 15.9 inashuka hadi 4.1. Ndiyo maana mtu aliyefunga masta nene "ya nguvu" anashangaa breki imekuwa ngumu kama jiwe na haishiki. Nene inasukuma mafuta mengi kwa nguvu ndogo. Nyembamba inatoa nguvu lakini mwendo wake unaisha mapema.

Acha ulegevu wa milimita 1 hadi 2 kati ya kijiti na pistoni ya masta, pedeli ikiwa juu. Hili ni dogo na ndilo kosa linalorudisha watu wengi kwa fundi. Ndani ya masta kuna kitundu kinachounganisha silinda na kikopo. Mafuta yakipata joto hutanuka na kurudi kwenye kikopo kupitia hapo. Kijiti kikibana hata kidogo, kitundu kimezibwa, mafuta hayana pa kwenda, na breki inajikaza yenyewe kadiri unavyokwenda, hadi diski inakuwa bluu na chombo kinasimama. Kulithibitisha ni rahisi: fungua kikopo, kanyaga taratibu, na utaona uso wa mafuta ukitetemeka au ukirusha kidogo mwanzoni mwa mkanyago. Usipoona kitu, ongeza ulegevu.

Swichi ya taa ya breki ya Boxer huvutwa na springi kutoka kwenye pedeli, na inaweza kubaki. Taa iwake kabla pedi hazijashika.

Paipu na mafuta

Paipu ipimwe pikipiki ikiwa imening'inia gurudumu likiwa hewani, kisha ikiwa imekaliwa na watu wawili. Katika hali zote mbili isinyooke kabisa wala isiguse mnyororo au tairi. Ikiwa fupi, tengenezesha nyingine ya breki yenye maandishi ya breki mwilini. Paipu za haidroli za mitambo ya bandarini si mbadala: mpira wake umetengenezwa kwa mafuta ya madini, na mafuta ya breki ni kitu kingine kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, petroli, dizeli au oili ya injini visikaribie sili. Mpira wa breki ukiguswa na mafuta ya madini hufura, pistoni inashindwa kurudi, na utabadilisha kila sili uliyoifunga. Osha vipuri kwa mafuta mapya ya breki au spiriti.

Bolti za paipu zina tundu katikati na nyuzi za M10. Kuna M10 ya hatua 1.0 na ya 1.25, na kwa macho zinafanana. Ianze kwa vidole mizunguko mitatu. Ikikataa si yake. Kila bolti ina washa 2 za shaba, moja juu na moja chini ya jicho la paipu. Washa iliyotumika imeshabonyea, haizibi tena vizuri.

DOT 3 na DOT 4 zinachanganyikana. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo. Tumia DOT 4, kwa sababu ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, na ikishanyonya maji hushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. Haya mafuta hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwaka mzima, kaskazi na kusi. Chupa iliyokaa nusu mwaka ikiwa wazi kwenye kabati ya gereji imwage. Badilisha mafuta kila mwaka. Yakidondokea tangi, yamwagie maji upesi, yanababua rangi.

Kutoa hewa: tia mpira mwangavu kwenye nipeli, ncha yake izame ndani ya chupa yenye mafuta. Kanyaga mara nne au tano, shikilia chini, fungua nipeli robo mzunguko, funga, kisha ndipo uachie mguu. Rudia hivyo hadi vipovu viishe, na kikopo kisikauke hata mara moja, la sivyo unaanza upya. Mfumo ukiwa mkavu kabisa, njia ya mkato ni sirinji ya mililita 60 inayosukuma mafuta kutoka chini kwenye nipeli kwenda juu. Hewa inapenda kupanda, kwa hiyo unaisaidia. Kama nipeli imelala ubavu au chini, fungua kalipa kutoka kwenye kibao, iinue nipeli iwe juu, weka kipande cha mbao kati ya pedi badala ya diski, na utoe hewa ikiwa mkononi.

Majaribio

Kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika moja nzima. Pedeli ikizama polepole na hakuna tone nje, sili ya masta inapitisha. Usiipuuze kwa kuwa barabarani inaonekana inashika. Siku maji yamekupwa, mteremko wa kuingilia feri Likoni unakuwa mkali na umelowa, nawe umesimama na abiria, gari mbele na mkokoteni nyuma. Hapo ndipo pedeli inayozama itakapokukumbusha.

Zungusha gurudumu likiwa juu. Lizunguke huru, likiwa na mguso mwepesi tu wa pedi. Kisha uwanja mtupu: kilomita 10 kwa saa, 20, halafu 40, bila abiria. Pedi mpya zinahitaji kulala kwenye diski. Punguza kutoka 40 hadi 10 mara ishirini hivi bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi ya kupoa kila baada ya tano. Ukisimama ukiwa umebana pedi za moto, zinaacha alama kwenye diski na pedeli itaanza kupiga. Baada ya kilomita 50, rudia kukaza bolti za diski, za nanga, za sproketi na nati ya ekseli.

Gurudumu likifunga kwa urahisi ukiwa mtupu, usitafute pedi laini zaidi. Jifunze mguu, au sogeza kijiti kwenye pedeli mbali kidogo na egemeo ili nguvu ipungue. Pedi zikilika upande mmoja, pini za kutelezea zimekauka: zitoe, safisha, paka grisi ya silikoni inayostahimili joto, mipira yake iwe haijapasuka. Kelele ya filimbi baada ya kuosha kwa maji ya chumvi ni kutu ya juu ya diski, huisha kwa kukanyaga mara chache. Anayefanya kazi kandokando ya ufuo amwagie kalipa maji baridi ya bomba kila jioni, lakini si kwa presha ya kituo cha kuosha magari, maana presha hupenya kwenye mipira ya pini na kuacha maji ndani.

Mjulishe aliyekukatia bima kwamba breki imebadilishwa, na uweke risiti za spea na za mkereza. Sahani ya dramu, gurudumu la zamani na ekseli yake vifunge kwenye gunia, uvipake oili. Bushi zikikosa siku moja, utarudi barabarani na dramu kwa saa moja.